Naona dawa zinakula akili yangu. Niache?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, fundi cherehani, nina kibanda changu cha kushonea hapa Igoma, Mwanza. Miaka mitatu iliyopita niliugua. Nilianza kusikia watu wakinisema ndani ya mlio wa cherehani, wakinitaja jina, wakiniambia kila mteja anayeingia katumwa. Chakula cha nyumbani nikawa sikili, niliamini kimetiwa kitu. Usiku mmoja nilitoka bila viatu nikawa natembea katikati ya barabara ya Musoma na malori yanapita. Mama na majirani ndio walionirudisha. Nikalazwa, nikaambiwa ni skizofrenia, nikaanzishiwa dawa. Sauti zilipungua, baadaye zikanyamaza. Kwa hilo namshukuru Mungu na wote walionihudumia.

Kinachonifanya niandike ni kichwa changu. Zamani nilikuwa nampima mteja kifua, kiuno, nyonga, bega na mkono, halafu ndipo naandika, na jioni bado vipimo ninavyo. Sasa nikimaliza kupima kiuno, kifua kimeshanitoka. Mteja akinieleza mshono anaoutaka, mwanzo wa maneno yake unapotea kabla hajafika mwisho. Mwezi uliopita nililetewa vitenge vya sare ya sendoff, nikakata mikono ya mmoja kwa vipimo vya mwenzake. Kitambaa nimelipa mimi. Kutunga uzi siku hizi namwita mtoto wa jirani: bodaboda iliyo ng'ambo ya barabara naiona vizuri, tundu la sindano silioni. Mdomo unanikauka kutwa nzima, choo napata kwa shida. Mikono imekuwa mizito, na natembea kama mtu aliyefungwa kamba.

Dawa zangu ni sindano ya kila mwezi, haloperidoli asubuhi na usiku, klopromazini usiku, na Artane asubuhi, mchana na jioni. Zote niliandikiwa nilipolazwa na mpaka leo hazijabadilishwa. Kliniki niliposema nasahau sana, nilijibiwa, "Wewe shukuru sauti zimeisha," nikapewa tarehe nyingine.

Kaka yangu anasema dawa zimenimaliza, kwamba kabla yake nilikuwa na akili timamu isipokuwa hizo sauti. Nikisema kweli, hata kabla ya sauti, karibu mwaka mzima, kazi zilikuwa zinanichelewa na wateja wakaanza kulalamika, ila mimi nilidhani ni uchovu. Mjomba yuko Sengerema, ana mganga wake anayetaka nipelekwe. Mama hataki kusikia habari ya kuacha dawa, tukiizungumza analia.

Nimefikia kuwaza niiruke sindano ya mwezi ujao nione. Je, ni dawa ndizo zinazokula akili yangu, au ni ugonjwa? Na nikiacha, akili yangu itarudi? Naomba usinijibu kwa kunipoza.

Fundi wa Igoma

*

Marahaba, mwanangu. Sitakupoza.

Jibu la haraka kwanza, kwa sababu tarehe ya sindano inakaribia: usiiruke. Lakini hayo unayoyalalamikia ni ya kweli, yanajulikana kwa madaktari wa magonjwa ya akili, na sehemu yake inaweza kurekebishwa. Mtu aliyekuambia ushukuru tu alikunyima haki yako. Sauti kunyamaza ni nusu ya matibabu. Nusu nyingine ni wewe kuweza kukata kitenge na kula kwa jasho lako.

Nimeuguza wagonjwa wa akili kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na swali lako ndilo walilokuwa wakiniuliza kwa sauti ya chini daktari akishapita. Tatizo lake ni kwamba kaka ana sehemu ya ukweli, mama ana sehemu ya ukweli, na kila mmoja anadhani sehemu yake ndiyo yote.

Nianze na ugonjwa. Wewe mwenyewe umeandika jambo ambalo nadhani hukulipa uzito: kazi zilianza kukuchelewa karibu mwaka mzima kabla ya sauti, na wakati huo hukuwa umemeza hata kidonge kimoja. Skizofrenia huja na sauti na hofu, hayo ndiyo watu wanayoyaona, lakini chini yake hugusa umakini, kasi ya kufikiri, kumbukumbu ya maneno, na ule uwezo wa kushikilia mambo machache kichwani huku unayafanyia kazi. Kushika kifua, kiuno na nyonga kwa pamoja ni uwezo huohuo. Daktari Mjerumani Emil Kraepelin aliandika habari za akili kudhoofu kwa wagonjwa hawa katika miaka ya 1890. Dawa ya kwanza ya aina hii, klopromazini unayomeza usiku, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mwaka 1952, huko Paris. Na hata leo, wagonjwa wapya wakipimwa kumbukumbu na umakini kabla ya kupewa dawa yoyote, upungufu huo huonekana, mara nyingi mkubwa. Kwa hiyo kaka anaposema kabla ya dawa ulikuwa timamu isipokuwa sauti, anasema alichokiona. Wateja wako walikuwa wameanza kuona kingine.

Sasa dawa. Haloperidoli, klopromazini, na kwa kawaida hiyo sindano ya mwezi pia, kazi yao kuu ni moja: kuzuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya ubongo, isipokelewe kwenye sehemu fulani za ubongo. Hapo ndipo sauti zinaponyamaza. Kichwa kisichopigiwa kelele hupata nafasi ya kusikiliza, na wagonjwa wengi hupanda kidogo kwenye vipimo vya akili baada ya kuanza dawa. Kidogo, narudia. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uitwao CATIE, ulioanza na wagonjwa karibu 1,500, ukalinganisha dawa mpya na moja ya zamani. Matokeo ya upande wa akili yalitolewa mwaka 2007: makundi yote yalipanda kidogo tu, na dawa mpya za bei kubwa hazikuishinda ile ya zamani. Wapo watafiti wanaosema hata huko kupanda ni mazoea ya kurudia mtihani uleule. Nakueleza hili ili mtu asikuuzie dawa ya gharama kwa ahadi kwamba itakurudishia kumbukumbu. Haijapatikana bado dawa iliyoidhinishwa kutibu kumbukumbu na umakini katika skizofrenia.

Lakini kuna kipimo cha kutosha, na kuna kupita kipimo. Watafiti waliopiga picha za ubongo wameona kwamba dawa nyingi za aina hii hufanya kazi vizuri zinapokuwa zimeziba kati ya asilimia 65 na 80 ya vipokeo vya dopamini. Ukivuka 80, sauti hazipungui zaidi, ila mwili unaanza kukakamaa, mikono inakuwa mizito, mwendo unafupika, na mawazo nayo yanakwenda polepole. Ndoo ikijaa, maji unayoongeza yanamwagika tu. Wewe una sindano, una haloperidoli mara mbili kwa siku, na juu yake klopromazini. Ni vizuizi vitatu vya dopamini katika mwili mmoja. Siku ulipolazwa, ukiwa umeokotwa barabarani, huenda vyote vilihitajika. Swali la kuuliza ni kama vinahitajika leo, miaka mitatu baadaye, sauti zikiwa kimya.

Na sasa nifike kwenye kile kilichonifanya nirudie kusoma barua yako. Tundu la sindano hulioni na bodaboda ya mbali unaiona. Mdomo mkavu. Choo kigumu. Na kusahau. Haya manne yakikaa pamoja kwa mtu anayemeza Artane mara tatu kwa siku, jambo la kwanza ninalolitazama ni Artane.

Artane huwekwa kuzuia ule ukakamavu unaoletwa na dawa nyingine. Inafanya hivyo kwa kuzuia kemikali iitwayo asetilikolini. Kemikali hiyo ndiyo inayotoa mate, inayosukuma utumbo, inayoliwezesha jicho kurekebika ili lione kitu cha karibu, na ndani ya ubongo ina kazi kubwa katika kujifunza na kukumbuka. Ukiizuia kwa ajili ya misuli, unaizuia kote. Klopromazini nayo ina tabia hiyohiyo, tena inalaza, kwa hiyo asubuhi unaamka na mabaki ya usiku. Tafiti kwa wagonjwa wa skizofrenia zinaonyesha kuwa kadiri mzigo wa dawa zenye tabia hiyo unavyokuwa mkubwa, ndivyo alama zao za kumbukumbu na umakini zinavyokuwa chini. Shirika la Afya Duniani halishauri dawa za jamii ya Artane zitolewe kwa kila mgonjwa kama kinga. Ni za kutumia pale ukakamavu ulipo, na kwa muda. Ila mahali pengi huandikwa siku ya kwanza pamoja na nyingine, kisha hunakiliwa kwenye kadi kila mwezi, na hakuna anayeuliza.

Ona basi mnyororo wenyewe ulivyo. Vizuizi vya dopamini vikizidi, mwili unakakamaa. Mwili ukikakamaa, Artane inaongezwa. Artane ikiongezwa, kumbukumbu inaumia. Na wewe umesema bado umekakamaa hata ukiwa na Artane, jambo linalonifanya nishuku kwamba tatizo linaanzia juu, kwenye wingi wa vile vitatu. Mimi sijakupima, sijaona miligramu zako, siwezi kukupunguzia dawa kwa barua. Ila haya ni ya kuuliza, na daktari wa magonjwa ya akili akiulizwa vizuri ataelewa mara moja.

Kwa nini basi nisikuambie uruke sindano? Kwa sababu mama yako ana haki ya kulia. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 65. Katika muda wa mwaka mmoja, kati ya kila wagonjwa 100 walioendelea na dawa, 27 walirudiwa na ugonjwa. Kati ya 100 walioachishwa na kupewa kidonge kisicho na dawa, waliorudiwa walikuwa 64. Na sindano ya mwezi ina mtego wake. Imechanganywa na mafuta ili dawa itoke polepole, kwa hiyo ukiiruka, dawa inabaki mwilini kwa wiki kadhaa ikipungua taratibu. Wiki hizo utajisikia mwepesi. Utatunga uzi mwenyewe. Kaka atasema, "Si nilikwambia?" Ugonjwa ukirudi utarudi baadaye, wakati hakuna anayeukumbuka mwezi ulioruka, na mjomba atasema umetupiwa. Nimeliona hilo mara nyingi mno, na anayelipia ni mgonjwa, kwa kazi, kwa ndoa, kwa heshima yake mtaani.

Hata kupunguza kwa utaratibu, chini ya daktari, kuna gharama yake. Uingereza walifanya jaribio liitwalo RADAR, matokeo yakatoka mwaka 2023. Wagonjwa 253, nusu wakapunguziwa dawa polepole, nusu wakaendelea kama kawaida. Baada ya miaka miwili, waliopunguziwa hawakuwa na maisha bora ya kazi na jamii kuliko wenzao, na waliorudiwa vibaya walikuwa asilimia 25 kati yao, wakati kwa walioendelea na dawa walikuwa 13. Lile lilikuwa jaribio la kupunguza kwa kadiri inavyowezekana, hata kuacha kabisa. Kuondoa kizuizi cha tatu kinachorudia kazi ya kile cha kwanza ni jambo dogo kuliko hilo, lakini na lenyewe linataka uangalizi.

Siku ya kliniki nenda na dawa zako zote na pakiti zake, hata ulizoacha kumeza. Usiseme "nasahau," maana kila mtu anasahau. Sema, "Mimi ni fundi. Nimekata nguo ya mteja kwa vipimo vya mwingine. Tundu la sindano silioni, mdomo unakauka, choo ni kigumu, na bado nimekakamaa." Kisha uliza: Kwa kuwa napata sindano, vidonge vya haloperidoli na klopromazini bado nahitaji vyote? Vikipungua, Artane nayo inaweza kushushwa taratibu? Omba wabadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, ili kikikusaidia au kikikudhuru ijulikane ni kipi. Artane yenyewe usiikate ghafla kwa mkono wako, ukakamavu unaweza kurudi kwa nguvu. Uliza pia kama ipo dawa isiyokakamaza ambayo ingekufaa. Olanzapini kwa mfano haikakamazi sana kama hizi, ila huleta unene na kupandisha sukari, kwa hiyo ukibadilishiwa upimwe uzito na sukari mara kwa mara. Na waombe wapime wingi wa damu na tezi ya shingo. Upungufu wa damu na tezi isiyofanya kazi ya kutosha huleta uzito wa kichwa unaofanana sana na huu, na ni aibu kumlaumu Artane kwa kosa la damu.

Ukijibiwa tena kwa haraka, omba kwa adabu rufaa ya kuonana na daktari wa magonjwa ya akili. Hospitali ya Bugando wana idara hiyo hapohapo mjini. Kuomba rufaa si utovu wa adabu.

Wakati huo unaosubiri, kazi iende namna hii. Mpime mteja sehemu moja, andika, ndipo uende sehemu ya pili. Usiamini kichwa hata siku kinapoonekana chepesi. Vipimo viandikwe kwenye karatasi, na karatasi ibanwe kwa pini kwenye kitambaa cha mwenyewe, visitengane mpaka nguo iondoke kibandani. Kukata ufanye saa ile ambayo umejiona uko macho zaidi, kushona mistari mirefu kuwe saa nyingine. Mteja akimaliza kueleza mshono, mrudie maneno yake huku unachora. Kazi za sare kubwa zipokee pamoja na fundi mwenzio kwa sasa. Hayo hayaponyi ugonjwa, yanakulinda mfuko.

Na tembea. Usicheke mwanangu, hili si neno la kujaza ukurasa. Tafiti za mazoezi ya kuhemesha kwa wagonjwa wa skizofrenia zilikusanywa zikachambuliwa mwaka 2017, na zikaonyesha kumbukumbu na umakini vinapanda, zaidi kwa waliofanya mazoezi mengi kwa wiki na wenye mtu wa kuwasimamia. Mwanza haikosi kilima. Mpe kaka kazi hiyo, akutembeze kwa mwendo wa haraka siku kadhaa za wiki. Ana hasira na dawa kwa sababu anakupenda, na mtu mwenye hasira apewe la kufanya. Mjomba mwambieni kwa heshima kwamba maombi na mazungumzo ya ukoo hayakatazwi, ila dawa ya kunywa kutoka kwa mganga msichanganye na hizi, na minyororo au kufungiwa ndani haitakuwapo.

Uliniuliza kama akili itarudi. Sehemu iliyochukuliwa na Artane na wingi wa dawa, ndiyo, ninaitegemea irudi, na mara nyingi familia huona tofauti ndani ya wiki au miezi baada ya marekebisho. Sehemu iliyochukuliwa na ugonjwa huenda isirudi yote. Hiyo mtaizunguka kwa daftari, kwa mazoezi, na kwa kukaa miaka bila kuanguka tena. Nawajua watu wanaofanya kazi hivyo, na wanafanya vizuri.

Mambo mawili ya mwisho ni ya mama zaidi yako, mpe asome. Ukipata homa kali huku mwili umekakamaa na unaongea usichokijua, ni hospitali saa ileile, hata kama ni usiku wa manane. Na dawa zitakapoanza kupunguzwa, aangalie usingizi wako. Ukikosa kulala siku mbili mfululizo, au ukianza kuuliza mteja fulani katumwa na nani, mnarudi kliniki siku hiyohiyo, msisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Shangazi